Mkata Vioo Aliyefichiwa Makosa Yake

Saa mbili asubuhi mlango wa karakana unafunguliwa, na kazi ya kwanza ya Mama Kioo ni kuipangusa meza. Si kwamba ni chafu. Ilipanguswa jana jioni. Anaipangusa kwa sababu chembe ya kioo, hata ndogo kama punje ya chumvi, ikibaki juu ya blanketi la meza, shiti nzima, yaani bapa zima la kioo, itakayolazwa pale itapasuka, na wewe hutajua imepasuka kwa nini.

Anapangusa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameuegemeza ukingoni mwa meza, umetulia kama mgeni aliyekuja kusalimia tu.

Akimaliza, anachukua kalamu ya kukatia. Ni kijiti cha chuma chenye kigurudumu kwenye ncha, kidogo kuliko punje ya mahindi. Anakichovya katika kopo la mafuta ya taa, anaweka rula, anashusha pumzi, kisha anavuta mstari mmoja kutoka mbali kuja kwake. Kioo kinatoa sauti kama kitambaa kipya kinachochanwa polepole.

Hapo bado hajakata. Kioo hakikatwi kama nguo. Unakichora mstari kwanza, halafu unakimega. Mama Kioo anakisogeza mpaka mstari ukae sawa na ukingo wa meza, anaulaza ule mkono wa kulia juu yake kama jiwe la kukandamizia, na kwa wa kushoto anabonyeza.

Ta. Vipande viwili, safi.

"Huyu wa kulia naye siku hizi anakula jasho lake," anasema, akiupigapiga mkono wake mzito. "Zamani alikuwa bosi. Sasa ni kibarua wa mdogo wake, huyu wa kushoto."

Ana miaka hamsini na sita. Zaidi ya nusu ya hiyo ameimalizia kwenye meza hii, yeye na mdogo wake wa tumbo moja, katika karakana waliyoachiwa na baba yao. Wateja walimpa jina la Mama Kioo, na mdogo wake wakamwita Mdogo, basi, ikaishia hapo. Mdogo ana miaka hamsini na jina bado halijamtoka.

Kwa miaka yote hiyo kazi ilikuwa na mgawanyo wake. Mdogo alipima, alitia fremu, alipaka pati ya kushikizia vioo na kusema na wateja. Mama Kioo alikata. Madirisha ya kawaida hata Mdogo aliyaweza, lakini shiti nene na ndefu ilikuwa ya dada mtu. Kioo kinene hakina huruma. Ukikosea, umeharibu faida ya wiki nzima kwa pumzi moja.

Asubuhi moja, mwaka jana, alikuwa anakunywa chai. Kikombe kikamtoka mkononi. Akakiangalia pale chini, akataka kumwambia mume wake "nimeteleza," na maneno yakatoka yamechanganyika.

Kiharusi. Kidogo, walisema hospitali, kama vile kiharusi nacho kina kidogo. Mshipa mwembamba ulikuwa umeziba ndani kabisa ya ubongo, upande wa kushoto. Maneno yalirudi baada ya siku chache. Mguu ulirudi baadaye, ingawa unaburuzika kidogo. Mkono wa kulia haukurudi. Ulibaki na nguvu ya kushikilia, lakini ule wepesi wa vidole, ule wa kuvuta mstari wa mita mbili bila kutetemeka, ulikwenda.

Kuna jambo jingine lilikwenda, na hilo hakuna aliyeliona kwa macho. "Nilikuwa naamka asubuhi sijali," anasema. "Siyo huzuni. Huzuni naijua, nimezika wazazi. Hii ilikuwa kutojali tu. Chai ikiletwa, sawa. Isipoletwa, sawa."

Hata hivyo alirudi karakanani. Mume wake, dereva wa lori aliyestaafu, alimpeleka mpaka mlangoni na kumwachia Mdogo kama mtu anayekabidhi mayai. Mama Kioo akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto, mkono ambao hata kijiko ulikuwa haujui kukishika vizuri, akasema ataanza upya.

Na hapa ndipo mapenzi yalipoharibu kazi.

Mdogo aliona dada yake anavyohangaika, akapata wazo. "Dada, wewe chora tu," alimwambia. "Kumega niachie mimi, usije ukajikata. Nitamegea nyuma."

Ikawa hivyo. Mama Kioo anachora, Mdogo anakibeba kioo mpaka uani, nyuma ya ukuta, na baada ya muda anarudi akijifuta mikono.

"Kimetoka?"

"Safi kabisa, Dada."

Kila siku safi. Kila kioo safi. Mume mtu naye nyumbani anasema safi. Jirani akipita mlangoni anasema, "Mama Kioo, mkono umerudi," na Mama Kioo anaitikia kwa kichwa. Miezi ikapita, naye akajua moyoni kwamba mkono wake wa kushoto ni fundi.

Katika siku hizo ndipo mwoka mikate alipofika. Ni mwanamume mnene, mcheshi, anayefungua duka la pili na anataka kabati la kuonyeshea mikate: rafu sita na vioo vya mbele, vyote vya kioo kinene, vyote virefu. Alisema shiti zimeagizwa na zitachukua wiki kadhaa kufika. Akamtazama Mama Kioo na mkono wake uliolala, akamtazama Mdogo, akauliza kwa upole, "Atakata nani?"

"Mimi," akasema Mama Kioo.

Mdogo aliendelea kuandika vipimo. Jioni ile alikwenda kuzungumza na mkataji mmoja wa kuajiriwa, kijana mwenye sifa nzuri. Kijana alikubali kuja, lakini si kwa kazi moja. Alitaka nafasi ya kudumu mezani. Na meza ile ni ya mkataji mmoja. Akiingia yeye, Mama Kioo angekaa kwenye kiti cha mapokezi, karibu na mlango, awe anawaambia watu karibuni.

Siri ilifichuka kliniki, na aliyeifichua hakujua kama anafichua kitu.

Ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana ambaye Mama Kioo humwita mwanangu na yeye humwita mama. Kila wiki alikuwa akimpa mipira ya kubana na vigingi vya kuchomeka. Siku hiyo Mdogo alikuwa amemsindikiza dada yake, na mtaalamu akauliza habari za kazini.

"Kazini sina shida," Mama Kioo akajisifu. "Tangu nirudi sijaharibu hata kioo kimoja. Muulize huyu."

Yule mtaalamu akaacha kuandika. "Hata kimoja, mama?"

"Hata kimoja."

"Kwa mkono ambao haujawahi kukata?"

"Ndiyo hapo ujue."

Mtaalamu akacheka, lakini cheko la mtu anayefikiri. "Mama, hakuna anayejifunza bila kukosea. Mimi mwenyewe nikimpima mtu mara kumi na hakosei, najua kipimo changu kina kasoro. Hebu niambie, ukishachora, nani anamega?"

Mama Kioo akageuka kumtazama Mdogo. Mdogo alikuwa anaangalia feni ya darini kana kwamba amekuja kuinunua.

Walirudi kwa miguu. Kufika karakanani, Mama Kioo hakuingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka mpaka uani, akiburuza mguu, akaenda moja kwa moja kwenye pipa lililofunikwa gunia. Akalifunua. Lilikuwa limejaa hadi mdomoni: vipande virefu vilivyopinda njia, pembe zilizokatika, vioo vilivyopasuka kama utando wa buibui.

"Ni vyangu?"

"Ni vyako, Dada."

"Vyote?"

Mdogo akafikiri. "Vile vya chini kabisa ni vyangu, vya zamani."

"Na vile vioo walivyochukua wateja?"

"Nilivikata mimi. Ukienda nyumbani."

Wakasimama pale. Mdogo akaanza kusema kuwa alikuwa anamwonea huruma, kuwa daktari alisema mgonjwa asitiwe presha, kuwa hakutaka kumvunja moyo. Na kwa kuwa pipa lilikwisha kufunuliwa, akaona amwambie na la yule mkataji.

Mama Kioo alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema maneno ambayo Mdogo anayarudia hadi leo, na akiyarudia anaangalia pembeni.

"Kiharusi kilinichukulia mkono mmoja. Wa pili umenichukulia wewe."

Wiki iliyofuata walirudi kliniki, Mama Kioo mbele, Mdogo nyuma. Yule mtaalamu aliwakalisha, akachora kwenye karatasi kitu kama tunda lililokatwa katikati.

Ndani kabisa ya ubongo, aliwaeleza, chini ya ile mikunjo ya juu tunayoiona pichani, kuna donge la chembe za neva, moja kila upande, kama kokwa ndani ya tunda. Kazi zake ni nyingi, na mojawapo ni kulinganisha. Ulitarajia nini, na umepata nini? Ukipata zuri kuliko ulivyotarajia, kemikali inayoitwa dopamini inaongezeka pale, na donge linajifunza: hivi ndivyo, rudia. Ukipata baya kuliko ulivyotarajia, dopamini inashuka, na donge linajifunza: si hivyo, badilisha. Ukipata kile kile ulichokitarajia, halina la kujifunza. Linakaa kimya.

"Kiharusi chako, mama, kimegusa donge hilo upande mmoja," akasema. "Ndiyo maana hata hamu ya mambo ilipungua. Lakini halijafa lote, na la upande wa pili ni zima. Yote mawili yanasubiri habari."

"Habari gani?"

"Kioo kimetoka au hakikutoka. Na ije pale pale, mkono ukiwa bado unakumbuka ulichofanya. Wewe ulikuwa unaletewa habari imechelewa, tena ni ile ile kila siku. Safi, safi, safi. Ubongo wako ungejifunza nini hapo?"

Mama Kioo aliugusa ule mchoro kwa kidole. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa napika bila kuonja. Anaonja mwingine chumba cha pili, na kila akionja anasema chumvi iko sawa."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Lakini mwanangu, mimi kioo nakijua. Niamshe usingizini nikwambie. Usipite mstari mara mbili. Usibonyeze mpaka mstari uwe mweupe. Anza na maliza kwa uzito mmoja."

"Unajua kwa maneno," mtaalamu akajibu. "Maneno yana mahali pengine ubongoni, na huko kwako hakujaguswa. Lakini mkono hausomi. Mkono unafundishwa kwa kupata na kukosa."

Kwa hiyo wakapanga upya. Mama Kioo atachora na kumega mwenyewe, papo hapo. Kabla ya kumega atasema kwa sauti anachotarajia: kitatoka, au hakitoki. Na Mdogo, akiwa karibu, atasema ukweli bila kuupaka sukari.

Asubuhi ya kwanza Mdogo alimwaga mezani mabaki ya vioo vyembamba, vipande vya kufanyia mazoezi. Akavuta kigoda.

"Haya, Dada. Chora umege. Mimi nitakwambia ukweli mpaka unichoke."

"Nilishakuchoka tangu ulipozaliwa. Kaa hapo."

Akachora. "Kitatoka," akasema. Akabonyeza. Kioo kikaacha mstari, kikaenda njia yake, kikaishia pembeni kama mlevi anayetafuta nyumba.

"Hakikutoka," Mdogo akasema, na sauti ikamtetemeka.

"Nimeona. Kwa nini?"

"Umeanza kwa nguvu ukamalizia kwa uvivu."

"Kama wewe unavyofua."

Wakacheka, mara ya kwanza tangu siku ya pipa. Kipande cha pili hakikutoka. Cha tatu hakikutoka. Kufika adhuhuri, Mama Kioo alikuwa ametoa kimoja tu, chembamba, cha upana wa vidole viwili. Alikiinua kwenye mwanga akakitazama muda mrefu. Anasema aliona kitu kimemgusa kifuani, kidogo tu, kama mtu aliyebisha hodi nyumba ambayo haikuwa na mtu.

Mdogo, kwa kuona hivyo, akataka kusaidia zaidi. Kesho yake akaja na mfuko wa pipi. Kila kioo kitakachotoka, pipi moja.

"Ya kwanza nilitaka kurukaruka, mguu huu huu," anasimulia Mama Kioo. "Ya pili nikafurahi. Baadaye ikawa natafuna tu, macho yako dirishani. Nilikuwa nawaza meno."

Walipomweleza mtaalamu, alicheka mpaka akavua miwani. Pipi ukiizoea si habari tena, aliwaambia. Unaitarajia, unaipata, donge linakaa kimya. Waiache. Kioo chenyewe kikitoka ni zawadi tosha kwa mtu anayekipenda.

"Na pipi zilizobaki?" Mdogo akauliza.

"Zilete hapa," akajibu mtaalamu.

Hayakuwa maendeleo ya kunyooka. Kulikuwa na wiki ambayo Mama Kioo alirudi nyuma, akakosea hata vile alivyokuwa ameanza kuviweza. Ile hali ya kutojali ikamrudia. Alikuwa anakaa na kalamu mkononi, haichovyi, haiweki chini.

Mume wake alimshauri apumzike. "Mke wangu, umeshakata vya kutosha duniani. Kaa mapokezini, uone watu."

"Watu nitawaona siku nikifa, watakuja wote," akamjibu. Lakini hakuinuka.

Aliyemwinua ni Mdogo, na hakutumia maneno mazuri. Alijiwekea kipande mbele, akachora, akasema kitatoka, akamega, kikatoka. Akafanya tena. Kila kikitoka anamtazama dada yake na kukung'uta mikono.

"Zamani ulikuwa unaniambia mimi nakata kioo kama mtu anayegombana nacho," akasema. "Leo nani mkali hapa?"

Mama Kioo akavumilia kama mara nne hivi. "Sogea," akasema.

Baada ya hapo wakawa wanashindana. Anayetabiri sawa ndiye mshindi, hata kama kioo kimeharibika. Ukisema hakitoki na hakikutoka, umeshinda. Jirani aliyezoea kusema mkono umerudi alipita, akamsikia Mama Kioo akisema kwa furaha, "Nilikwambia hiki kimeharibika!" Akaenda zake akitikisa kichwa.

Mchezo huo ulikuwa na kazi yake. Ili utabiri, lazima usikilize. Mwanzoni Mama Kioo alikuwa anatabiri baada ya kuuchunguza mstari kwa macho. Polepole akaanza kutabiri kabla hajainua kalamu. Siku moja, mstari haujafika mwisho, akasema, "Hakitoki," na akaacha hapo hapo.

"Umejuaje?" Mdogo akauliza.

"Sijui. Mkono umejua kabla yangu."

Alipotaja hilo kliniki, yule mtaalamu hakucheka wala kupiga makofi. Alisema, "Sasa lile donge linapokea habari," akaandika.

Shiti za mwoka mikate zilifika siku ya mvua. Wanaume wanne walizibeba zimesimama wima, zimefungwa kwa matambara. Mwoka mikate mwenyewe alikuja nyuma yao na mwavuli, akiukinga juu ya kioo badala ya kichwa chake.

Mlangoni alisimama yule mkataji wa kuajiriwa. Mdogo alikuwa amemwambia jibu lake litapatikana shiti zikifika. Kalamu yake ilikuwa mfukoni mwa shati.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuangalia tu."

"Marahaba, mwanangu. Angalia vizuri."

Shiti ya kwanza ikalazwa mezani. Mama Kioo alipitisha kiganja cha kushoto juu yake, akapima mara mbili, akaweka rula. Mdogo na mbebaji mmoja wakaishika rula isiteleze. Pembeni wakaweka tayari ufito mwembamba wa mbao, wa kuingizwa chini ya mstari ukishachorwa, kwa sababu kioo kirefu namna ile hukibonyezi kwenye ukingo. Unakibonyeza upande mmoja kikiwa kimelala juu ya ufito.

Akavuta. Mita nzima na zaidi, kutoka mbali kuja kwake. Sauti ilikwenda sawa, ikaenda sawa, na karibu kabisa na mwisho ikakwaruza kidogo. Wakauingiza ufito.

"Kitatoka," akasema.

Akabonyeza. Ufa ulikimbia juu ya mstari kama uliotumwa, na ulipofika kwenye ule mkwaruzo ukapinda. Pembe ikakatika, kipande cha ukubwa wa kiganja.

Mwoka mikate alivuta pumzi kwa meno. Wabebaji wakaangalia mvua. Wote walikuwa wanamsubiri Mdogo, maana ndiye aliyekuwa karibu, na ndiye aliyezoea kufuta mambo. Mteja yuko pale. Mkataji mwingine yuko mlangoni. Neno moja la faraja lingetosha kuwapitisha wote.

"Hakikutoka, Dada," Mdogo akasema. Safari hii sauti haikutetemeka. "Umelegeza mwishoni."

"Nimesikia. Nikajidanganya." Mama Kioo akakigeuza kile kioo, akakipima tena. "Hiki kitatoa rafu fupi, ile ya juu. Hakijapotea. Leteni cha pili."

Mwoka mikate akaukunja mwavuli wake.

Shiti ya pili ikalazwa. Mama Kioo akachovya kalamu, akaipangusa ncha, akasogeza miguu yake hadi ule unaoburuzika ukapata pa kusimama. Mara hii alipokaribia mwisho hakulegeza. Alikwenda na uzito ule ule mpaka kigurudumu kikashuka nje ya kioo, kikagusa blanketi.

Aliinua kalamu, ufito ukaingizwa. Walimsubiri aseme.

"Kitatoka," akasema.

Ta.

Ulikuwa mlio mmoja, mnene, wa kioo kinene. Mdogo alipitisha kucha kwenye ukingo kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Kimetoka."

Hakuongeza neno. Mama Kioo naye hakulidai. Lakini waliokuwepo wanasema alitabasamu upande mmoja wa uso, ule ambao kiharusi hakikuugusa, na ule wa pili ukafuata nyuma yake polepole.

Kazi ilikwenda mpaka alasiri. Wakipumzika, wakinywa chai, wakirudi. Kimoja kingine alikikataa mwenyewe kabla ya kumega, akasema hakitoki, na wakakihifadhi kwa vipande vidogo. Vilivyobaki vilitoka. Mwoka mikate alivihesabu kwa kidole, akasema ameona watu wenye mikono miwili wakiharibu zaidi.

"Hata mimi nina miwili," Mama Kioo akamwambia. "Ila mmoja ni kibarua."

Yule mkataji wa kuajiriwa alibaki hadi mwisho. Alipoaga alimwambia Mdogo kuwa haoni kazi yake pale, na hakulisema kwa uchungu. Mama Kioo alimwambia apite siku nyingine; shiti za unene ule zikija nyingi, watahitaji mtu wa kushika rula ambaye anajua anachokishika.

Kiti cha mapokezi bado kipo karibu na mlango. Siku hizi anakikalia mume wake, anawaambia watu karibuni, na kuwasimulia safari za lori hata wasipouliza.

Mkono wa kushoto si kama wa kulia ulivyokuwa, wala Mama Kioo hadai kwamba uko hivyo. Mstari wa wima anauweza. Wa mshazari anauweza siku nyingi. Kinachomsumbua sasa ni duara. Mwenye saluni ya jirani anataka vioo vya mviringo vya kujitazamia, vinne, na kazi ya duara ni ya mkono peke yake. Rula haisaidii, kalamu lazima izunguke bila kusimama, na kumega kunafanywa kidogo kidogo pande zote.

Amekwisha kujaribu. Mabaki ya majaribio yako ndani ya karakana, kwenye sanduku lililo wazi kando ya meza, mtu yeyote anayeingia anayaona. Mdogo alitaka kuyapeleka uani, akakatazwa.

"Yule wa saluni alitaka nimpe wiki ijayo," anasema Mama Kioo, akichukua kipande kingine cha mraba na kukilaza juu ya blanketi. "Nimemwambia aje mwezi ujao, atavikuta. Mwezi huu siwezi kumpa kitu. Mwezi huu nina kazi ya kuvunja."